Papa Théophile Byamungu Anaacha Mbao za Fromage

Kisha miaka makumi tatu na moja ku laiterie yetu ya Masisi, kiwanda cha maziwa na fromage, njo jibini, Papa Théophile Byamungu anaacha kazi tarehe 28 mwezi wa pili. Walinituma mimi Verdiane, mukubwa wa chumba cha kukatia fromage, niandike kwaheri yake. Sikusoma sana. Atakayecheka maandiko yangu, aje aandike yake.

Aliingia hapa kijana, seremala. Mbao zote tunakatia fromage alizichonga yeye, kwa libuyu, muti mugumu wa Walikale. Lakini kuchonga si kitu. Kutunza njo kazi. Analainisha mbao, anailowesha kidogo ili vinywele vya muti visimame, ikikauka anailainisha tena. Kisha anayeyusha nta ya nyuki, anaipakaa wakati mbao iko na joto ya jua, anaiacha inywe. Na ninyi wa chumba changu, munazioshaga namna gani? Munalaza mbao chini na maji yake, inapinda. Yeye, kazi ikiisha, anapita nyuma yenu kuzisimamisha, upepo ipite pande zote. Hakuna hata mumoja alimuambia aksanti.

Na alijua kuchekesha. Mugeni mumoja wa Goma alimuuliza ile nta inatengenezwa na nani. Akajibu: "Na wadogo fulani wa Walikale, Papa. Lakini ukienda kuwasalimia, funika uso."

Sasa niseme ya mwezi huu. Barabara ya Walikale ilifungwa, nta ikaisha. Aurélie na wenzake, mabinti wanaokata fromage, walitaka kumufurahisha Papa mbele aende. Wakatwaa mafuta ya ng'ombe, ile tunapakaaka bibi-arusi, wakapakaa mbao zote. Ziling'aa kweli! Juma halikuisha, mafuta ikachacha, chumba kizima kilinuka. Fromage zikashika ile harufu, tukazitupa. Ku ngozi ya bibi-arusi harufu hiyo tunaipenda. Ku fromage, nani ataila? Mabinti ya wafugaji, na hamukufikiri?

Papa Théophile hakugomba. Niligomba mimi kwa wawili. Alishika randa, akaanza kukwangua mbao zake mwenyewe, kila siku, mpaka ile kubwa ikabaki nyembamba, ikapasuka katikati. "Mama Verdiane, hii haiwezi tena," akaniambia, akaitegemeza ku ukuta polepole. Siku zake za mwisho ziliishia mu kazi ile.

Hakuna muntu aliandikwa kazi mahali pake. Ng'ombe zimepunguka, maziwa iko kidogo, wakubwa wanasema hawana namna. Papa anaenda kukaa Sake kwa binti yake Rosalie, kwa sababu shamba yake ya Burungu watu wengine njo wanailima. Sitawadanganya kama hii ni sikukuu.

Mbao zilizobaki ziko wazi, bila nta, zinakunywa kila maji inayozigusa. Nilimuambia Papa mikono yangu imezeeka. Akasema: "Na yangu, Mama? Ilikuwa ya mutoto?" Basi, kuanzia Jumatatu ni mimi nitazitunza. Na mimi sitapita nyuma ya muntu kimya.

Aksanti, Papa Théophile, kwa kazi hatukuiona. Ukae vizuri kwa Rosalie, ulale mpaka jua itoke, ukunywe maziwa kama iko. Tunakuombea amani ya kutosha. Lakini usikuje kuangalia mbao mpaka nta ipatikane. Utaumia bure.