Barabara Iliyokwepa Jiko la Mama

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenikabidhi kuwasomea maisha yake kwa sharti kwamba nisitie chumvi, basi mnivumilie, nitaonja tu.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 katika nyumba hii tulimokusanyika, mtoto wa tatu wa fundi cherehani, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza sekondari mwaka 1976, nami niliyeishia darasa la sita nikabaki kumfulia sare na kujigamba kwa niaba yake.

Mwaka 1980 alipata shahada ya kwanza, na mwaka 1983 akarudi chuo kikuu kusomea uzamili wa mipango miji na mikoa, akapewa kuupanga mtaa wetu wenyewe kama kazi yake ya kuhitimu, akauchora hukohuko mezani bila kukanyaga nyumbani, barabara imenyooka kama rula, walimu wakamsifu, halmashauri ikaitaka, naye akaja kuitandaza ramani sebuleni kwa mbwembwe zote. Mama yetu aliifuata ile barabara kwa kidole, taratibu, akafika mahali akakwama, akamuuliza, mwanangu, na mimi nipikie wapi, katikati ya magari? Barabara ilikuwa imepita juu ya jiko lake na nyumba za majirani wote wa upande ule, na tingatinga lilikuwa linasubiri ruhusa tu.

Hapo ndipo mdogo wangu alipoonyesha yeye ni nani, kwani aliiondoa kazi ile chuoni, profesa akamwonya kwamba shahada ataisikia kwa wenzake, mchumba wake mpima ardhi akanung'unika kwamba harusi inasogezwa kama mpaka wa shamba, yeye akaziba masikio, akaenda nyumba kwa nyumba, akakaa na watu, akachora upya, barabara ikakunja kona. Siku ya kuitetea kazi hiyo chuoni, tarehe 2 Agosti 1985, aliingia na majirani, Mama akakaa mbele kabisa, na profesa alipouliza kona ile ni ya nini, Mama akamwahi mwanawe kujibu, akasema, ni ya kwangu, nakaa hapo. Alifaulu, halmashauri ikajenga vilevile, na hakuna aliyebomolewa.

Aliajiriwa kuwa mhadhiri tarehe 3 Februari 1986, akafunga ndoa na mpima ardhi wake tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, wakajaliwa binti, ambaye ni mkunga, na mwana, ambaye ni mwalimu. Hadi alipostaafu mwaka 2017, hakuna mwanafunzi wake wa uzamili aliyeshika kalamu kabla ya kuishi na wenyeji, wala aliyefaulu bila kuwajibu wenyeji hao, na wengine nawaona hapa, wakubwa wa ofisi wenye vitambi, nakumbuka mlivyotetemeka mbele ya jirani yangu muuza mkaa.

Alianza kuugua figo Novemba 2021, akalazwa tarehe 4 Mei mwaka huu, akafariki tarehe 19 alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wahadhiri wenzake, wanafunzi, na majirani mliopika usiku kucha.

Dereva wa gari la msiba ni mgeni, kaniuliza barabara nzuri namna hii kwa nini inapinda hapa mlangoni, nimemwambia apunguze mwendo, atasimuliwa njiani. Pumzika, mdogo wangu, wageni wako wote wamekula, na jiko la Mama bado linafuka moshi.