Mzee Hiza na Macho ya Kiwandani

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, Korogwe, Handeni, na ninyi wa Kang'ata ambao mvua bado inawazungusha. Leo tunamkumbuka Mzee Hiza Mhina, aliyezikwa Ijumaa hapa Masuguru. Alizaliwa Kang'ata, kwa wakulima wa mahindi. Akaja Korogwe kijana, akapata kazi kwenye kiwanda cha katani, hakuondoka tena.

Kazi yake ilikuwa kufuta macho. Msicheke. Kwenye chumba cha brashi, pale nyuzi za katani zinapochanwa, ukutani juu kuna vifaa vinavyotambua mwali wa moto. Vikiuona, king'ora kinalia na mashine zinazimika. Wafanyakazi wanaviita macho. Lakini vumbi la katani mnalijua. Likiziba kioo, jicho halioni.

Basi kila Ijumaa asubuhi Mzee Hiza alipanda ngazi, akafuta kila kioo kwa kitambaa laini, akakimulika kwa taa ya kupimia mpaka king'ora kiitike. Kazi ilisimama, wenzake wakanung'unika. Walimwita Daktari. Naye aliwajibu kwamba wagonjwa wake angalau hawana maneno mengi.

Mjane wake, Bibi Maryamu, ameniambia hivi: "Hata nyumbani alikuwa anafuta tu. Redio, taa, miwani yangu. Nikimwambia pumzika baba, anasema vumbi halipumziki."

Mwaka juzi aliugua, akalazwa. Mwantumu, mama anayefagia chumba kile cha brashi, alimwonea huruma. Hapa nisikilizeni vizuri. Mwantumu alichana khanga yake kuukuu, akapanda ngazi, akayafunika macho yale na kuyafunga vizuri, ili mzee akirudi asiyakute na vumbi. Alifanya kwa moyo mweupe kabisa. Ila jicho lililofunikwa halioni moto.

Na moto ulikuja. Mashine moja ilichemka, cheche ikarukia nyuzi, king'ora kikakaa kimya. Watu walipona kwa kupigiana kelele. Marobota yakateketea, na Mwantumu akaungua mkono.

Uongozi ukataka kujua nani alifunika. Mwantumu ana watoto, na aliona kibarua chake kinaota nyasi. Mzee Hiza, ametoka hospitali juzi tu, akaingia ofisini na mkongojo wake. Hakudanganya. Alisema: "Aliyefunika ni Mwantumu. Aliyemwacha asijue ni mimi, miaka yote napanda pale bila kumweleza mtu. Mkimfukuza, tufukuzeni wote."

Hakufukuzwa mtu. Tangu hapo, Ijumaa ilikuwa yao wawili. Mwantumu juu akifuta, mzee chini ameshika ngazi.

Mzee Hiza alifariki alfajiri ya Ijumaa, akazikwa baada ya sala ya mchana. Asubuhi akina mama walijaa nyumbani kwake, lakini Mwantumu hakuonekana. Maneno yakaanza: mtu aliyemtetea vile, hata msibani haji? Siwashangai. Kwetu kukosa msiba ni jambo zito.

Alifika adhuhuri, na nguo za kazi, nyuzi za katani zimemganda kwenye ushungi. Wengine walimpa mgongo. Bibi Maryamu akainua uso, akamuuliza: "Umeyafuta?"

"Nimeyafuta, mama. Yote yanaona."

Bibi Maryamu akasogea kwenye mkeka, akampa nafasi pembeni yake. Ndipo Mwantumu akalia.

Bibi Maryamu, watoto na wajukuu, poleni sana. Sisi wa redio hii tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze mzee wetu pema.

Nasi tuliobaki tujiulize ni nani anatulinda kwa kazi ambayo hatujawahi hata kuuliza ni ya nini. Na kama ulikuwa mmoja wa waliompa Mwantumu mgongo siku ile, kesho asubuhi atapita hapa hapa Masuguru akienda kazini. Msalimie.