Maji ya Ukutani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mheshimiwa Diwani, Padri wetu, Shehe wetu, wazee wangu shikamooni, na ninyi ndugu zangu wa Chilangala mliokaa juani kwa kuwa turubai limewatosha wageni tu, habari za mchana.

Mimi ni Mama Ethel, yule anayecheka na ndoo kichwani kwenye picha. Nimepewa nafasi nimuage Bwana Benedikto, mpiga picha wetu, anayefunga studio yake kwa sababu soko huria limetuletea picha za rangi kutoka Mtwara. Amepiga harusi zetu, amepiga jando la wanetu, na wako marehemu ambao bila yeye tungeshasahau sura zao. Kwa hilo tunamshukuru kwa moyo wote. Lakini iko picha moja, ndugu zangu, imenichosha.

Mnaikumbuka siku ya kuzindua bomba? Mgeni yuko njiani, bomba kavu. Na sisi hapa mgeni haaibishwi. Kina mama tukashuka bondeni, tukapanda na ndoo zetu, tukajaza pipa nyuma ya ukuta na kuunganisha mpira wa maji hadi kwenye bomba. Mgeni akafungua, maji yakatoka, Bwana Benedikto akafotoa. Makofi hayajaisha, maji yakaisha. Picha ikatundikwa ofisini, ofisi ambayo leo sitaitaja.

Tangu hapo kila tukiomba maji tunaonyeshwa ukutani. "Mama, si wewe huyu unayecheka?" Ni mimi. "Na hayo si maji?" Ni maji. Nibishe nini? Mwaka huu vijiji jirani vyote vinachimbiwa visima, sisi tumerukwa, kwa sababu tuna maji tele, ya mwaka themanini na tatu.

Tena ofisi ina afadhali. Sisi wenyewe je? Mzee Lukmani, huyu hapa, anaapa maji yalitoka mwezi mzima, na yalikuwa matamu. Ethel wangu, aliyezaliwa baada ya uzinduzi, ananisimulia mimi mamaye jinsi alivyooga pale. Nikikataa, analeta picha. Na juzi, nikipanda kutoka bondeni na magoti haya, nilijikuta nayakumbuka yale maji ya bomba, jinsi yalivyotupunguzia kazi. Nikatua ndoo, nikakaa chini, nikalia. Nilikuwa nimeanza kuamini.

Bwana Benedikto, nenda salama, tutakukumbuka, ila kamera usiifunge bado. Mheshimiwa mgeni rasmi, umesafiri kwenye vumbi na jua, una kiu, na soda hatukukununulia, makusudi. Bomba liko nyuma ya kiti chako. Fungua, kinga kiganja, unywe, naye Bwana Benedikto akupige picha ya mwisho. Leo hakuna mama aliyeshuka bondeni.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Naomba tutulie kidogo, Mheshimiwa anywe maji.