Gitaa la Kwaya Linakoroma

Kijiwe chetu kiko nyuma ya stendi ya Tukuyu, kwenye kibaraza cha duka la ushirika lililofungwa siku nyingi. Benchi ni ubao wa bodi ya lori, na mvua ikinyesha, yaani karibu kila siku, tunabanana hadi ukutani. Kahawa ni ya Sadalla. Babu yake alitoka Bagamoyo, lakini yeye anatukana Kinyakyusa kutuzidi wenyewe. Mimi naitwa Katibu, kwa kuwa ni katibu wa kwaya, na Jumamosi ile niliamka na hasira. Gitaa letu la umeme, jekundu, tulilolinunua kwa mahindi na ndizi za waumini baada ya serikali kuruhusu vitu viingie, lilikuwa linakoroma. Ukipiga uzi, unachachatika kwenye vile vyuma vinavyokatiza shingo, krrr! Wazee wa kanisa walishatamka: kesho baada ya ibada tunalisikiliza. Likikoroma linauzwa, kinanunuliwa kinanda chenye ngoma zake ndani, na mpigaji wa gitaa akapumzike. Mpigaji ni Anyitike, na alikuwa amekaa katikati yetu, amelipakata.

— Pandisha nyuzi, bwana! Mbona unajitesa?

Huyo ni Andrea, tunamwita Ruksa. Tangu mpaka ulegezwe anauza kila kinachopita Kasumulu, sabuni, betri, mpaka miwani ya watu waliokufa.

— Si ulishazipandisha wewe jana? — Anyitike alimjibu. — Umenichomekea vipande vya kibiriti chini ya daraja. Haya, likaacha kukoroma. Ila mimi nibonyeze na nini? Nimevitoa.

Akamwonyesha mkono wa kushoto. Kidole cha pete kinaishia kwenye kiungo cha kwanza. Kilibaki kwenye mashine ya majani ya chai. Cha kati kipo, ila hakikunji sawasawa. Nyuzi zikilala karibu na shingo, vidole hivyo vinamtosha, na kutoka hapa hadi Kinyala simjui anayemfikia. Zikikaa juu, hapati hata sauti moja.

— Nataka zilale na zisikorome. Vyote viwili. Hadi Krismasi zilikuwa hivyo!

— Tatizo ni umeme, — alidakia Simon, fundi redio, jina la kijiweni Volti. — Huu umeme wa mgao unakuja vipande vipande. Gitaa linameza vipande. Lazima likorome.

Anyitike akapiga uzi. Krrr.

— Volti, waya uko wapi hapa? Limechomekwa wapi? Kwenye sikio lako?

— Umebaki ndani! Hata pasi ukiichomoa si inaendelea kuunguza?

— Mwe! Hivi redio zetu anazifungua nani huyu? — Sadalla akauliza, akimimina.

Nikaona upuuzi unazidi. Nikapiga benchi kwa kiganja, kahawa ya Volti ikamwagikia suruali.

— Nyamazeni! Mficha maradhi kifo humuumbua. Anyitike, sema mbele ya watu. Ulilidondosha wapi?

— Sijalidondosha, Katibu.

— Uliliacha likanyeshewa!

— Likanyeshewa lini, na tangu Januari liko kwako? Nalishika mazoezi ya Alhamisi na ibada ya Jumapili, basi, hadi juzi uliponiachia nijaribu kulitengeneza. Ukaja ukalichukua kwangu kama askari wa kodi.

Kweli nililichukua. Chumba chake kinavuja, ndoo tatu sakafuni, na gitaa limeegeshwa ukutani kama jembe. Nililipeleka kwangu pakavu. Na mbele ya wazee nilisimama nikasema bila kumung'unya maneno: kijana huyu kupiga anajua, matunzo hana. Ikaandikwa kwenye kitabu cha mkutano, kwa mwandiko wangu. Sikuona haya, na pale kijiweni nilikuwa tayari kurudia.

— Chumba chako ni kisima, — nikamwambia. — Ukungu umeingia kwenye mbao tangu huko huko. Sasa maji yamemwagika unatafuta mchawi!

— Ukungu uingie Disemba, gitaa lianze kukoroma Februari?

— Msigombane, — alisema Ruksa, na kumbe mkononi ana spana. — Mwisho wa shingo kuna nati. Ndani mna chuma kinachoinyoosha. Juzi niliikaza kidogo...

Anyitike akasimama.

— Uliikaza? Nani alikutuma?

— Samaki mkunje angali mbichi!

— Huyu ni samaki? Ruksa, huyu ni samaki? — Sauti yake ikapasuka. — Unakaza kitu usichokijua, kesho naaibika mimi! Wewe unarudi kwenye sabuni zako. Mimi nikiondolewa pale mbele narudi wapi? Kiwandani walishanikataa na mkono huu. Jembe lenyewe nalishika kwa shida. Kitu pekee ninachofanya kama mtu mzima ni hiki!

Ruksa akaficha spana chini ya koti. Lakini Ruksa hajui kushindwa.

— Basi nikwambie ukweli. Hili gitaa limetumika. Lilikuwa baa, Lusaka. Limezoea bia, halitaki pambio. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Linagoma.

— Hapo sasa! — Volti akaruka. — Bia ni maji, maji na umeme...

— Gitaa moja, waganga watatu, — alisema Sadalla. — Penye wengi hapaharibiki jambo, walisema wahenga. Hawakufika Tukuyu.

Mvua ilikuwa imekaza. Mama mmoja akaingia mbio kibarazani na furushi la mitumba kichwani, ametoka kuuza sokoni Matwebe, anasubiri gari la Mbeya. Sadalla anamfahamu, akamkaribisha.

— Mwanajuma, karibu. Usiwaogope, hawaumi.

— Ndaga, asante. Nisogezeeni kidogo, jamani, nguo za watu zinalowa.

Tukasogea. Anyitike, pamoja na ghadhabu yake, ni mtu wa adabu. Akampisha, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, gitaa likalala kwenye magoti ya yule mama juu ya furushi. Mtu wa mitumba hanunui nguo bila kuinusa. Akainama, akavuta pumzi, akakunja uso.

— Mbona gitaa linanuka moshi?

Volti akanitazama. Ruksa akanitazama. Hata Sadalla alishika dele la kahawa hewani akasahau kumimina.

Nyumbani kwangu pakavu ni mahali pamoja tu, jamani. Darini jikoni, juu ya moto, pale pa mahindi ya mbegu. Baba yangu aliweka mbegu pale, na babu yake, na hazikuoza hata mwaka mmoja. Mbegu nilishapanda, pakabaki wazi. Nikalaza gitaa, nikalifunika gunia, nikajisifu. Na moto wa mke wangu hauzimiki asubuhi hadi usiku.

Anyitike alilichukua gitaa taratibu. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa shingo, juu hadi chini, akasita mahali, akaendelea, akasita tena.

— Mti ukikauka unasinyaa, — alisema. — Vyuma hivi vinavyoikatiza shingo havisinyai. Ndiyo maana pembeni vinanikwaruza kiganja. Hiki kimeinuka. Na hiki. Uzi ukilala, lazima uviguse.

— Tulitie maji kidogo? — aliuliza Volti.

— Funga mdomo, Volti.

— Anyitike, — nikaanza, — mimi nilikuwa nalitunza...

— Katibu, chumba changu kinavuja. Lakini hakina moto.

Akavua koti, akalifunga nalo gitaa, akabaki na shati kwenye baridi ile.

— Kesho, — akaniambia, — nitapiga hivi hivi, likorome. Wazee wakifungua kitabu chako wakasoma nani hana matunzo, utasimama useme ukweli?

Akatoka mvuani. Hasira nilikuwa nayo vile vile, ila sasa hapakuwa na mtu wa kumtolea. Wote walitazama matope.

— Jamani, — alisema Mwanajuma, — nimeuliza vibaya?

Sadalla aliinamisha dele. Likatoka tone moja jeusi na machicha.

— Hapana, mama. Kahawa imeisha. Katibu, nenda nyumbani.