Bisibisi ya Harlan Mizelle

Wasikilizaji wapendwa, leo mnivumilie, maana namzungumzia jirani yangu hapa Norfolk. Harlan Mizelle ametutoka Jumanne, akiwa na miaka sabini na moja. Harlan, fundi wa ndege. Miaka ishirini alifanya kazi kwenye manowari ya kubeba ndege, na kila asubuhi, kabla ndege hazijaruka, alitembea.

Naam, alitembea. Mabaharia hujipanga bega kwa bega, kutoka ukingo mmoja wa sitaha hadi mwingine, wakienda polepole, macho chini. Wanatafuta msumari, kipande cha waya, hata kijiwe. Injini ikimeza kitu hicho, ndege imekwisha, na rubani naye.

Alipokuwa na miaka ishirini na minne, Harlan alikaribia kupandishwa cheo. Alikuwa ameshamwandikia mkewe, Odessa: "Andaa sindano, utanishonea alama mpya begani." Siku hiyo zamu ikaisha, akafungua sanduku la vifaa. Kila kifaa kina nafasi yake. Nafasi moja ilikuwa tupu. Bisibisi haipo.

"Nyamaza wewe," mwenzake akamnong'oneza. "Tutaweka nyingine. Nani atajua?"

Harlan alikwenda moja kwa moja kwa mkubwa wake. "Bosi, nimepoteza bisibisi."

Ndege zote zikasimamishwa. Zote, wasikilizaji wapendwa! Kwa muda wa saa tatu watu walipekua, huku wakimsimanga: "Mizelle, na kichwa umekiacha wapi?" Bisibisi ikapatikana chini ya pedali za kuongozea ndege ambayo ingekuwa ya kwanza kuruka; ingezikwamisha angani. Rubani wake, Curtis Pruden, alikuwa ameshajifunga mkanda ndege ziliposimamishwa.

Cheo kikaahirishwa mwaka mzima. Odessa alinisimulia, anacheka huku machozi yanamtoka: "Nilinuna mimi! Sindano imekaa na uzi wake mwaka mzima. Halafu akija likizo, hata kahawa hajanywa, yuko uani anaokota misumari. Namwambia, Harlan we, hapa haitui ndege!"

Jana tulimzika. Kabla jeneza halijafika, wazee kama thelathini, mabaharia wenzake wa zamani, walijipanga bega kwa bega mbele ya kanisa. Hakuna aliyewaamuru. Wakatembea polepole, macho chini. Curtis Pruden alikuwa katikati, na mkongojo wake. Akainama kwa shida, akaokota skrubu moja yenye kutu, akamwekea Odessa mkononi.

"Shemeji, njia ni safi," akamwambia. "Sasa aje."

Nililia, sifichi.

Odessa, pole sana. Binti yao Renita, pole mama. Mungu awashike mkono. Nasi tuliobaki tujiulize: siku ile, cheo kikiwa mlangoni, tungesema? Mimi najiuliza tangu jana, na sina hakika na nafsi yangu. Harlan alisema. Na Curtis Pruden leo ana wajukuu watano.