Mashine Mbili, Mwendo Mmoja: Maisha ya Sedekia Mwaikenda

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu Sedekia, aliyezaliwa tarehe 4 Machi 1919 huku kwetu Rungwe, mtoto wa pili wa mzee Anyitike Mwaikenda na mama Tusajigwe.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Mwalimu wa kwaya alimweka sauti ya besi kwa sababu, alisema, huyu haharakishi hata akichapwa.

Mwaka 1944 alifunga ndoa na Atuganile, na miaka miwili baadaye akaajiriwa katika kituo cha umeme wa dizeli Iringa. Mwaka 1953 waya ulivutwa kuunganisha kituo hicho na mtambo wa umeme wa maji uliokuwa mtoni, nje ya mji. Tangu hapo mashine zote mbili zilipaswa kwenda kwa mwendo mmoja, mizunguko hamsini kila sekunde. Mtoni mwendesha mashine alikuwa rafiki yake, Zubery bin Yunusu.

Tarehe 16 Juni 1955 kidhibiti mwendo cha mtoni kilikuwa kimefunguliwa kwa matengenezo, hivyo Zubery alibaki peke yake akirekebisha maji kwa gurudumu la mkono. Alasiri, mshale wa mizunguko ukaanza kushuka. Sedekia akapiga simu, haikupokelewa. Kanuni ilimtaka akate waya wa mtoni, lakini dizeli peke yake isingeubeba mji, na hospitalini mama mmoja, Juliana, alikuwa juu ya meza ya upasuaji ili ajifungue. Hakukata. Akaongeza mafuta, mshale ukapanda kupita kiasi, na mara ukashuka, ishara kwamba mtu wa mtoni amepunguza maji. Wakaendelea hivyo hadi jua likazama.

"Tulikuwa tunaitikiana," aliniambia.

Juliana na mwanawe walipona. Waliotumwa mtoni jioni hiyo walimkuta Zubery sakafuni karibu na mlango, mwili umekakamaa. Daktari alisema alifariki asubuhi. Gurudumu lilikuwa na joto pale linaposhikwa.

"Sasa nani alikuwa analizungusha?" kaka aliwauliza.

Mwaka 1957 aliugua kifua, akarudi nyumbani. Alisumbuliwa na mvumo ambao sisi hatukuusikia.

"Baba Bibie, umeme haujafika huku," Atuganile alimwambia.

"Najua, mama. Lakini mashine inapungua kasi, na hakuna wa kuishika."

Jumanne tarehe 11 Agosti 1959, mchana, alisema, "Sasa inaenda sawa," akafumba macho. Shemeji Atuganile aliweka kiganja kifuani pake. Moyo ulikuwa umesimama. Ila chini ya kiganja chake kitu kilikuwa kinavuma, na kimemfuata shemeji mpaka hapa kaburini. Asubuhi hii ameniomba nishike ukuta wa nyumba yao. Nimeushika. Nimeusikia mvumo.

Marehemu ameacha mjane, Atuganile. Watoto watatu, Bibie, Isakwisa na Mika. Mama yetu mzazi, na mimi mdogo wake, Edmund.

Kaka Sedekia, Bwana akupe utulivu. Pumzika kwa amani.