Nyanya za Chini ya Tenga

Baada ya miaka thelathini na mitatu kazini, binti yangu anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Mei. Wenzake wa idara ya fizikia wameniomba niandike mimi maneno ya kumuaga, wakidhani nitajizuia kumsifu. Wamenoa.

Nilimlea sokoni, nyuma ya matenga yangu ya nyanya. Aliona za chini, zikigandamizwa na za juu, zinapasuka na kuwa rojo moja. Akaanza maswali: zinapasuka kwa mkupuo, au hulainika kidogo kidogo? Nikamwambia anipishe nihudumie wateja. Swali hilo akaenda nalo chuoni.

Siku hizi nyanya zake ni chembe za ndani ya nyota zilizokufa, kunakobana kupita kiasi. Kila chembe ina mbegu zake, ziitwazo kwaki, nazo hazitoki nje. Chembe zikibanwa mno, huenda ngozi ikaachia, mbegu zikachanganyikana. Kwa mkupuo, au kidogo kidogo? Dunia nzima haijui. Na mimi ninayewaeleza haya niliishia darasa la saba; basi pigeni hesabu mwanangu anavyofundisha!

Kuna mwaka alitangaza ukumbini kwamba ni kwa mkupuo. Nilitamba soko zima, hadi muuza samaki jirani yangu akaniomba nipunguze sauti. Haukupita muda, binti akagundua kosa kwenye hesabu zake. Hakuna mwingine aliyeliona, angeweza kunyamaza. Akawaita watu walewale, ukumbi uleule, akaliandika kosa ubaoni na kulifafanua. Muuza samaki akanikejeli kwamba nyota yetu imezimika. Nikamwambia angekagua samaki wake hivyo, tusingeumwa matumbo.

Tangu hapo, kila Jumatatu kabla ya chai, mtu mmoja wa idara husimama ubaoni na kosa lake. Wanaiita zamu ya nyanya mbovu. Hata mkuu wa idara ameshasimama.

Juzi, akifungasha vitabu, alinung'unika kwamba anaondoka bila jibu, mikono mitupu. Nikamuuliza hao wote waliojua kuchambua nyanya mbovu walifundishwa na nani. Akacheka, akaendelea kufunga boksi.

Wenzake, ahsanteni kwa kunitunzia mtoto. Mwanangu, ukapumzike vizuri, ule ushibe, na Jumatatu moja moja ukawachungulie. Nanyi mnaobaki na swali lake, nina miaka themanini na mitatu. Fanyeni hima: muuza samaki bado yu hai.